Dada Majani, Aliyeomba Asikilizwe

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu: mimi ni mdogo wake, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Kazi ya kusoma maisha yake sikupewa na kikao cha familia. Alinipa yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, na akanikataza kuruka hata mstari mmoja. Naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mshonaji wa mapazia. Tangu utotoni alikuwa na ulimi. Siku moja mwalimu mkuu aliamua kulichapa darasa zima kwa sababu ya dirisha lililovunjika. Dada akasimama kuwatetea wenzake, na alipomaliza kusema, mwalimu mkuu ndiye aliyeomba radhi. Mama alipopata habari alisema, "Huyu mtoto akiamua kuuza mchanga, watu watanunua."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Hakuchaguliwa kuendelea. Lilimuuma, ila hakuwa mtu wa kukaa na donda akilipuliza.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika duka la viatu, akafanya kazi hapo kwa karibu miaka ishirini. Kutwa nzima alikuwa amepiga magoti mbele ya miguu ya watu. Mteja akiingia tu mlangoni, dada alishajua namba yake. Kuna mama mmoja aling'ang'ania kiatu kidogo, anakanyaga, anasukuma, jasho linamtoka. Dada akamwambia kwa upole, "Mama, hata kiatu kina roho. Tusikitese." Yule mama alicheka, akachukua kikubwa, na akawa mteja wake hadi alipohama mji.

Ni dukani hapo alipokutana na shemeji yetu, mpishi wa bweni la wanafunzi, aliyekuja kutafuta viatu visivyoteleza kwenye sakafu ya jikoni. Alirudi mara tatu kubadilisha jozi ileile ambayo haikuwa na kasoro. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, na Mungu akawajalia binti na mwana.

Mwaka 1996 marehemu alishikwa na vidonda vya tumbo. Alikunywa dawa za kila rangi, akakonda hadi pete ikamtoka kidoleni. Ndipo mgeni mmoja kwenye kikundi cha maombi alipomwambia kwamba chakula kilichopita motoni ni maiti, na anayekula maiti roho yake huwa nzito. Dada akaanza kula matunda, majani mabichi, choroko zilizochipua na karanga zilizolowekwa. Maumivu yakaisha. Akanawiri, akaanza kuamka na wimbo mdomoni. Nani angemwambia kwamba huo haukuwa muujiza? Sisi wenyewe tuliamini.

Akawa anasema, "Mungu aliumba mti, hakuumba jiko." Shemeji akamuuliza, "Na mpishi je, kaumbwa na nani?" Dada alicheka hadi machozi, lakini jiko likatoka ndani ya nyumba wiki hiyohiyo. Shemeji akawa anapikia mamia ya wanafunzi mchana, halafu jioni anarudi nyumbani kuguguna karoti. Majirani wakamtania mkewe kwa jina la Dada Majani, naye akalipenda.

Mwaka 1999 aliacha kazi, akaanza kufundisha nyumbani kila Jumamosi. Sebule ilijaa mabenchi, madirishani kukawa na mitungi ya kioo yenye mbegu zinazochipua, na mlango haukufungwa tena. Watu waliomba, waliimba, walikunywa juisi ya majani, wakatoa ushuhuda. Wengine walipona kweli, maana walikuwa wameacha pombe na sukari. Wakamwita Mwalimu. Kiongozi wao alikuwa mhasibu mstaafu tuliyemwita Katibu, mtu mwaminifu na mwenye upendo, aliyeshika kila neno la dada kama mtu aliyeshika yai.

Mwaka 2013 dada alianza kupata ganzi miguuni. Alisema anahisi amevaa soksi hata akiwa pekupeku. Akawa anajikwaa, anasahau maneno, ulimi unawaka. Shemeji alimpeleka hospitali kwa siri. Daktari akamweleza bila kuzunguka kwamba mwili wake umeishiwa vitamini ambayo haipo kwenye matunda wala majani, na kwamba mishipa yake ya fahamu inaharibika.

"Upate sindano, na ule mayai na maziwa," daktari alisema. "Ukichelewa, miguu haitarudi."

Walipofika getini dada alisikia watu wakiimba sebuleni, akamshika mumewe mkono. "Baba watoto, wale wameuza majiko yao kwa ajili yangu. Kuna mmoja kaachana na mumewe kwa sababu alipika nyama. Nitaingia niseme nini? Kwamba nilikosea?"

"Ndiyo," shemeji akajibu. "Sema hivyohivyo."

Hakuweza. Sindano alichomwa mbili tu, kisha akaacha, kwa sababu kila alipotoka Katibu alituma mtu wa kumsindikiza. Shemeji akawa anamletea yai na kiazi cha kuchemsha ndani ya mfuko wa koti lake la kazi. Dada alikula bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike akitafuna, huku ukutani upande wa pili watu wakimshukuru Mungu kwa ajili yake. Siku moja nilimkuta humo, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ganda la yai mkononi, analia. "Mdogo wangu," aliniambia, "nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu."

Katikati ya mwaka 2014 alikuwa akitembea kwa kushika kuta. Jumamosi moja fundi cherehani mmoja, mama kijana, alimleta bintiye aliyekaribia miaka miwili. Akasimama mbele ya watu akasema kwa furaha kwamba mtoto wake hajawahi kuonja chakula cha motoni tangu azaliwe. Watu wakapiga makofi. Dada akaomba apewe mtoto. Akaishika miguu yake, mmoja mmoja, kama alivyozoea dukani. Akajaribu kumsimamisha. Magoti yakakunjika. Mtoto hakulia, hakucheka, alitazama tu.

Dada akasema, "Mtoto huyu apelekwe hospitali leo."

Katibu akatabasamu. "Mwalimu anatupima imani."

"Sipimi mtu. Nilikosea. Ninaumwa, na mtoto huyu anaumwa ugonjwa wangu. Nendeni nyumbani mkapike."

"Amina," wakajibu wote.

Nilikuwapo, niliisikia ile amina kwa masikio yangu. Dada akamtazama mumewe, akamwambia alete kilichokuwa mfukoni. Shemeji akatoa yai. Dada akalimenya mbele yao, akala lote, polepole, makombo yakimwangukia kifuani. Alidhani sasa wataondoka kwa hasira. Alitaka waondoke. Badala yake Katibu alipiga magoti, akasema Mwalimu ameubeba udhaifu wetu mwilini mwake, na wanawake wakaanza kulia kwa furaha. Sijawahi kuona uso wa mtu ukikata tamaa namna ile.

Mtu mmoja tu hakulia. Fundi cherehani alimchukua mwanawe, akamfunga mgongoni, akatoka bila kuaga. Waliobaki walimwita msaliti.

Baada ya hapo miguu ya marehemu haikurudi. Alitumia kiti cha magurudumu kwa miaka mitano. Shemeji alirudisha jiko, akampikia waziwazi, na sindano zikaendelea, lakini kilichokwisha kuharibika hakikutengenezeka. Tulipofunga mlango wafuasi wake walikaa barazani. Tulipomhamishia nyumbani kwangu wakaja huko na mitungi yao. Hospitalini walimlinda kwa zamu, wakamwaga supu aliyoletewa na mumewe, wakaweka juisi. Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda. Kila alichosema walikigeuza somo, na kila alipokasirika walisema ameingia daraja la juu zaidi. Aliwahi kuniambia, "Ulimi wangu ndio ulionifungia humu, na sasa haunitoi."

Mwezi Julai mwaka huu alipata homa ya mapafu. Siku tulipojua kwamba dawa haziushindi ugonjwa, aliniita, akamwomba shemeji asimame mlangoni asiingie mtu. Akaniambia, "Utasoma wewe. Uyaseme yote, mwili wangu ukiwa mbele yao. Nikiwa hai kila neno langu ni mtihani. Maiti hapimi mtu imani."

Alifariki tarehe 2 Agosti 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Kwa hiyo natimiza. Nyinyi mliosimama upande wa kulia, na wewe Katibu, ndugu yetu, huu ndio ujumbe wa Mwalimu wenu. Matunda na mboga hakuvikana. Alivipenda hadi mwisho. Alichokikana ni kuwaambia kwamba moto unaua roho. Alisema alikosea. Alisema mwende hospitali mkapimwe, hasa wenye ganzi na wenye watoto. Alisema mkapike. Tafadhali, msijibu amina.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, wajukuu wawili, na sisi ndugu zake wanne. Ameacha pia msichana wa miaka saba, aliyesimama pale mbele karibu na mama yake, yule fundi cherehani. Alilazwa, akatibiwa, akachelewa kutembea, na mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Marehemu aliagiza atajwe miongoni mwa jamaa, nasi tumekubali.

Dada, tumeyasema. Hakuna tena wa kukungoja mlangoni wala barazani. Pumzika kwa amani.