Kalale Kwanza Anakabidhi Funguo

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika hospitali yetu, mshauri wa uzazi wa mpango upande wa wanaume anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Kalale Kwanza, na mwenyewe huitika. Maneno haya ya kumuaga nimepewa kuandika mimi kwa sababu chumba changu cha kufulia na chumba chake vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Siri za watu sijazitoa, lakini sauti ya mwanaume mwenye hofu hupenya popote. Nimeambiwa pia niandike ya kufurahisha. Nitajaribu, ila furaha sina, na sitamdanganya mtu siku yake ya kuagwa.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya majeruhi, kijana mwembamba koti linamning'inia. Alipohamishiwa kwenye ushauri, mwanaume wa kufunga uzazi alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, kofia imefunika macho, anadhani anakwenda kuhasiwa kama dume la ng'ombe. Kalale Kwanza aliwaeleza bila haya: kinachokatwa ni mirija ya kupitisha mbegu, basi. Nguvu zinabaki, hamu inabaki, hata ndevu zinabaki. Yeye mwenyewe alifunga baada ya mtoto wa nne. Wakimtazama kwa mashaka, anawakoholea kwa ile sauti yake nzito, wanacheka, wanakaa.

Wakishacheka ndipo anapowabana. Nani amekutuma? Mke anatolewa nje, mume anaulizwa peke yake. Kisha mume anatoka, anaulizwa mke. Ukija kuoa mwingine, naye akataka mtoto, utamwambia nini? Na hawa watoto ulio nao, Mungu apishe mbali, wakiondoka? Usije hapa ukidhani hili ni bomba la maji, leo unafunga kesho unafungua. Kuunganisha tena kunajaribiwa, lakini ni upasuaji mgumu na hakuna wa kukuahidi mtoto. Tena kufunga hakuzuii maradhi ya zinaa, usijipe ruhusa ya kuzurura. Baada ya hayo yote, hata ujibu vizuri namna gani, unaambiwa: kalale kwanza. Hakuna aliyepasuliwa siku aliyokuja. Mwalimu mkuu mmoja alifoka kwamba ana ratiba. Akaambiwa na ratiba yake ikalale.

Wengi walirudi, wakafanyiwa, na mpaka leo wakikutana naye sokoni wanamshika mkono, wake zao wamenawiri. Wengine hawakurudi. Nao wanamshika mkono, wamebeba vichanga.

Dereva wa lori hatutamsahau. Aliambiwa apumzike, asibebe vizito, na atumie kinga mpaka apimwe baada ya miezi mitatu, maana mbegu zilizokwisha kupita mlangoni hazina habari kwamba umefungwa. Yeye akashika la kupumzika tu. Mwezi wa pili mkewe akapata mimba, dereva akaja na ukoo mzima, anamtukana mwanamke wa watu mbele ya wagonjwa. Kalale Kwanza akampa kikopo na kumsindikiza chooni. Majibu yakatoka: mbegu bado zipo. Shemeji zake wakamgeukia, wewe bwana, masikio uliyaacha kwenye lori? Aliomba radhi pale pale kwenye benchi, na mtoto alipozaliwa hakuna aliyehitaji kuuliza baba ni nani.

Sasa niseme linaloniuma. Wakubwa wetu hawajaajiri mtu wa kukaa kwenye kiti kile. Chumba kinageuzwa stoo. Ukutani wamebandika bango la rangi, lina karibu yote aliyokuwa akiyasema. Mwanaume atasoma, atasaini, ataingia siku hiyo hiyo. Jamani! Bango litamuuliza mtu umeachwa lini? Nanyi madaktari vijana, mikono yenu mizuri, sikatai, lakini kukaa chini na mtu hamjui.

Na mimi nina wangu. Kitinda mimba wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana miaka ishirini na sita na binti mmoja. Mkewe ameondoka na mtoto, na wakwe hawataki hata amwone. Akaja hapa bila kuniambia, nikaisikia sauti yake ukutani: hataki tena mwanamke wa kumzalia kisha amnyang'anye. Kalale Kwanza akamuuliza, unataka kufunga uzazi au unataka kumkomoa mkeo? Kalale kwanza. Hasira ikiisha, na bado unataka, nitakupeleka mwenyewe.

Hakulala huyo. Amengoja, si hasira ipoe, amengoja mzee astaafu. Juzi kanitamkia jikoni, kijiko mdomoni: "Mama, huyo mzee wako wa kalale Ijumaa anaondoka. Mimi Jumatatu niko pale." Nikamwambia mpumbavu wewe, unajikomoa mwenyewe. Akasema mwili ni wake. Ni wake kweli, na hapo ndipo ninapokwama. Sina ugomvi na upasuaji, umetuliza nyumba nyingi. Nina ugomvi na hasira. Nimefoka, nimelia, nimenuna. Hanisikii, mimi ni mama yake tu.

Nilimwendea Kalale Kwanza kumwomba aje hiyo Jumatatu. Akasema Ijumaa funguo wanazichukua, mizigo ya nyumbani imeshatangulia, na Jumapili anasafiri na mkewe. Nimlaumu kwa lipi? Ameyabeba ya wanaume wa mji mzima mpaka mgongo umepinda. Ila tangu siku hiyo nafua bila kujua ninachofua.

Kaka yetu, kwa niaba ya wote wa hospitali hii, wa juu na wa chini, asante. Asante kwa kukaa chini na watu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu tele mapajani. Mapumziko yako yawe mema na marefu. Ila kama kuna namna, kaka, yaanze Jumanne.