Watoto Nisiowahesabu

Sogeeni wanangu. Abraham, keti hapa kichwani. Jeska, achana na hilo jiko, chai itajichemkia. Na wewe Rebeka, mama yao, mke wangu niliyekuoa kwa ng'ombe zangu mwenyewe, nishike mkono, maana pumzi inakatika na bado nina neno juu ya yule Mwingereza, Desmond.

Msimlaani. Alikuwaga mtu wa gazeti tangu ujana. Huko kwao alianza kwa kuandika habari za vifo, nani kafa, kaacha nani, na mkubwa wake akamfundisha kwamba ukikosea habari za marehemu umemuua mara ya pili. Akapanda hadi magazeti makubwa ya London, akaandika juu ya vitabu, mwisho akaacha mshahara akawa anaandika maisha ya waandishi waliokufa. Ndivyo alivyofika kwangu, akitafuta habari za marehemu mume wangu, Mwalimu Maige, na hadithi zake. Nikamwambia, "Wewe bwana ni fisi, unanusa makaburi tu." Akacheka hadi uji ukampalia. "Fisi mwenye adabu, Mama," akasema.

Mnajua Maige alitangulia kabla Mungu hajatupa mtoto, nami nikamwoa Rebeka, nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke, kama walivyofanya bibi zetu, azae kwa jina la Maige, boma lisizimike. Kanisani walinitenga na meza ya Bwana. Nikasalia nyuma, karibu na mlango, sikuacha hata Jumapili moja. Basi Desmond akaniuliza, "Maige ana watoto wangapi?" nanyi mko uani mnagombania muhogo. Watoto hawahesabiwi mbele ya mgeni, jicho la mtu ni baya. Nikajibu alivyojibu mama yangu siku zote: "Hakuna, ni Mungu tu." Akaandika hakuna. Alidhani ninyi ni wa jirani.

Kitabu chake juu ya Maige kilipotoka, nanyi mmeshakua, baba yenu mdogo Stanislausi, ambaye hajawahi kusoma hata tangazo la mnada, akakibeba kwenye kikao cha ukoo kule Butiama. "Imeandikwa Ulaya! Maige hakuacha mtoto. Boma ni letu." Jeska ukampigia Desmond simu, naye akaja, mzee wa fimbo, akashuka basi pale Bunda, na wewe Abraham ukampakia kwenye pikipiki bila hata kumwamkia. Kikaoni akasimama na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi nimekosea. Hawa watoto wa Maige." Stanislausi akamjibu, "Kaa chini mzee. Mdomo unapita, wino unabaki." Akakaa. Akalia mbele ya watu, mtu ambaye maisha yake yote aliyamaliza akihakikisha habari za wengine.

Aliahidi kukichapisha upya, kifo kikamwahi. Jeska alinisomea kwenye simu gazeti la Desmond mwenyewe lilivyotangaza kifo chake: hakuacha mtoto. Na hapa hapa nyumbani Nyasho, Abraham, usiku ule baada ya kikao ulipomnunia, alikutazama akaniambia, "Ningepata mmoja kama huyu." Sikukuambia, kwa wivu wa mama. Nisamehe, na Bwana anisamehe.

Sasa sikilizeni. Nikifa nipelekeni Butiama, nilale ubavuni kwa Maige. Rebeka asihamishwe kwenye nyumba yangu, na shamba la mtama mlime pamoja. Udongo wa kwanza hutupwa na mwana. Stanislausi atakuja na kitabu. Msimnyang'anye, msitukanane juu ya jeneza langu. Mwacheni asome hadi achoke. Akinyamaza, Abraham, wewe inama, chota udongo, utupe. Ukirudi nyuma siku hiyo, umekubali kwamba hukuzaliwa. Na Jeska, huyo uliyembeba akiwa wa kiume, mwite Desmond. Huyo mzee naye asilale bila mtu.

Mungu aliyenisikia nikiwa mlangoni awasikie ninyi mkiwa ndani. Mpendane. Pendaneni, wanangu...

Niinueni kidogo. Fungueni dirisha, majirani wasikie. Siogopi jicho la mtu tena, nawahesabu.

Abraham. Mmoja.

Jeska... wawili.

Uko wapi mkono wangu? Uwekeni hapo, tumboni kwake. Na huyu...

Na huyu...