Mwanamke Aliyeninyima Salamu Chake Chake

Assalamu alaykum warahmatullah, ndugu zangu! Shukrani zote ni za Mola Mlezi, ambaye angetaka angeniacha vile nilivyokuwa, na hakuniacha.

Mimi ni Raya, mke wa Khamis, wa upande wa Pujini. Mlionijua wakati ule mnajua nilivyokuwa, na mliokuwa mkinisema visimani nawajua pia. Sikuja kugombana. Nimekuja kuandika nilichokiona kwa macho yangu, na mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka.

Nilimzaa binti yangu Salma salama. Maziwa yakatoka, arobaini ikaisha, watu wakala wakaenda zao. Kilichobaki ni hasira. Ndugu zangu, sisemi hasira ya kununa! Nasema hasira inayoanzia tumboni, inapanda kifuani, inashuka mikononi. Mlango ukigonga, hasira. Wali ukishika chini, hasira. Salma akilia, na alikuwa mtoto wa kulia haswa, nilisikia kama mtu ananikwangua ubongo kwa kijiko. Khamis anapakua mizigo bandarini Mkoani, anarudi nyumbani akipata nafasi. Msimu wa karafuu ulipoanza, mama mkwe wangu, Bi Mize, akawa mchana kutwa yuko shamba anachuma. Nikabaki mimi, mtoto na kuta.

Mchana mmoja jirani akapita akamkuta Salma chumbani peke yake, analia mpaka sauti imekauka, mimi sipo. Basi! Kabla jua halijatua kijiji kizima kilikuwa na habari: Raya kamtupa mtoto. Hakuna aliyeniuliza kulikoni. Hata mmoja! Bi Mize akatoa hukumu: "Huyu si bure, huyu ana shetani." Nikafukizwa, nikasomewa. Kusomewa sikukatai, maneno ya Mola ni tiba na mpaka leo nasoma. Lakini kila aliyemaliza kusoma aliniongezea nasaha zake. Vumilia. Shukuru, wako wanaolilia mtoto hawapati. Punguza ulimi. Nasaha zilinijaa kooni!

Aliyenifungulia mlango ni nesi wa kliniki ya watoto. Alimpima Salma uzito, kisha badala ya kuita mtu mwengine akanitazama mimi. "Na wewe je, mama Salma, hujambo?" Nikalia pale pale mbele ya foleni. Akaniambia yuko mnasihi, mjini Chake Chake, ana chumba spitali, niende nikazungumze naye.

Mnasihi! Mtu wa nasaha! Nikajua nakwenda kuongezwa nyengine. Nilikwenda kwa hasira tu, nikamwone huyo naye ana lipi. Nyumbani nikasema nakwenda spitali, wakadhani ni kliniki ya mtoto, nikawaacha wadhani.

Nikamkuta Bi Zuwena, mtu mzima umri wa mama yangu mdogo, kajitanda shela, kakaa. "Karibu, Bi Raya," akasema. Bi! Mimi! Nilikuwa nimezoea "we mwanamke". Kisha akaningoja niseme. Nikachoka.

"Haya nasihi basi, si ndiyo kazi yako?"

"Nitakunasihi vipi, na sikujui bado?"

Nikaanza kusema ili anijue, na nilisema kwa matusi. Nilimsema Bi Mize, nilimsema Khamis, nilimsema yeye mwenyewe. Nikawa nakwenda kila wiki, na siku moja nikamwambia umekaa hapo kama picha ya ukutani. Akaniuliza, "Picha inakuudhi?" Nikasema inaniudhi sana! Akasema, "Haya, iambie." Nikaiambia! Na wiki iliyofuata nikarudi nikijua atakuwa kaninunia, maana kila niliyemkaripia alininunia. Hakununa. Alikaa kiti kile kile, akaniambia karibu, Bi Raya, kama hakukuwa na kitu. Lakini lile jambo lenyewe, la mchana ule, sikulitoa. Lilikuwa limelala chini ya ulimi.

Sasa nisikilizeni.

Sikukuu ilikuwa inakaribia. Tulikuwa Chake tunachagua nguo, mimi, Bi Mize na yule jirani, yule yule aliyemkuta Salma. Nikainua macho, Bi Zuwena huyo anakuja, mfuko wa mboga mkononi. Macho yakakutana. Nikamngoja aseme. Akanipita! Karibu kiasi cha kunigusa buibui, na hakutoa salamu.

Bi Mize hanyamazii mambo kama hayo. "Mwanamke gani huyu? Kapita kama kapita kwenye magogo! Hata salamu? Katoka wapi asiyefunzwa?" Jirani akacheka, "Labda salamu kaziacha kwao." Na waliyasema kwa sauti, ili ayasikie. Bi Zuwena hakugeuka.

Mnajua hapa kwetu salamu ni nini. Mtu unaweza kumchukia, na salamu ukampa. Kunyimwa salamu ni kuambiwa wewe si mtu. Nikasema moyoni, kumbe na yeye! Kumbe mule ndani alikuwa anaigiza, na huku nje ananiona uchafu kama wanavyoniona wengine. Siku ya miadi nikaenda ili nimtapikie na nisirudi tena.

Sikukaa. "Nimekuja kukuaga. Mimi Muislamu mwenzako, umenipita njiani kama jiwe!"

Akanisogezea kiti. Kisha akasema, "Nilikupita, na iliniuma. Hata mimi sikulelewa hivyo. Lakini nikuulize. Ningekusalimu, wale uliokuwa nao wangekuuliza nini?"

"Wangeuliza nakujuaje."

"Ungewajibu nini?"

Yule jirani! Angetaka kujua yote, na kabla ya sikukuu Pujini nzima ingekuwa na neno jipya juu yangu.

"Nje ya chumba hiki siri ni yako," akasema. "Ukinisalimu wewe, nitakuitikia kwa furaha, tena kwa sauti. Usiponisalimu, sikujui. Nilikuwa nikwambie haya siku ya mwanzo, na sikukwambia. Kosa ni langu. Nisamehe, Bi Raya."

Subhanallah! Ndugu zangu, mimi nina umri huu, nimesoma skuli, nimeolewa, nimezaa, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba radhi. Na huyu kaniomba huku yeye ndiye aliyetukanwa! Katika kisiwa hiki ambacho tunajuana mpaka rangi za kanga zetu, mtu kakubali aitwe asiyefunzwa, mbele za watu, ili mimi nisiulizwe suali moja. Nilihisi kama niko mbele ya kitu kikubwa ambacho sikustahiki.

"Uliyasikia waliyokuita?" nikamuuliza.

"Niliyasikia. Mama mkwe wako mdomo anao."

Nikacheka. Na katika kucheka nikaanza kulia, na lile lililolala chini ya ulimi likatoka. Nikamwambia mchana ule mikono yangu ilitaka kumrusha Salma ukutani.

Nikamtazama usoni. Nilikuwa nangoja akunje uso. Hakukunja. Hakusema astaghfirullah. Aliuliza polepole, "Ukamfanya nini?"

"Nikamlaza mkekani, nikatoka."

"Ukenda wapi?"

"Migombani, nyuma ya nyumba."

"Ulifuata nini migombani?"

"Nilitaka mikono yangu iwe mbali naye."

Akanyamaza. Na katika kimya kile nikajisikia mwenyewe nilichokisema. Allahu Akbar! Miezi yote ile nimeitwa mtupa mtoto, na mimi mwenyewe nikaamini! Na kumbe nilimkimbia mwanangu ili nimlinde! Hakunipa yeye neno lile. Lilikuwa langu. Yeye alilikalia kitako na mimi mpaka nikalisikia.

Lakini hakuniacha nielee kwa furaha. Aliniambia wazi, "Mengine yote yanabaki hapa. Hili moja lina mtoto ndani yake, siwezi kulinyamazia. Daktari akuone leo. Na yupi nyumbani tumwambie, tukiwa pamoja, mimi na wewe?" Nilitaka kusema Khamis. Lakini Khamis yuko Mkoani, na mtoto anakaa Pujini. Nikasema, Bi Mize.

Daktari akaniona, Bi Mize akaitwa, akaja siku ile ile. Alipofungua mlango akasimama pale pale. "Ala! Si wewe yule—"

"Ni mimi, Bi Mize. Karibu ukae."

Akakaa kwenye ncha ya kiti. Nikamwambia yote, Salma kalala mapajani mwangu, Bi Zuwena yuko pembeni yangu, haniongezei neno wala hanipunguzii. Nilipomaliza, mama mkwe wangu alitazama mikono yake, ina weusi wa karafuu mpaka kwenye kucha. Nikangoja neno shetani. Akasema, "Basi karafuu watachuma wengine. Mie mchana nitakuwa nyumbani." Kisha akamchukua Salma mapajani mwangu.

Ndugu zangu, huo ndio wokovu wangu. Dawa nilikunywa, na kwa Bi Zuwena nimekwenda muda mrefu. Hasira zangu bado ninazo, msidanganyike, na nyengine ni za haki. Nina hasira na kila anayeona mama mchanga analia akamwambia ashukuru! Lakini haziingii mikononi tena. Salma hivi sasa ananivuta kalamu, na mkono wangu nauamini.

Namshukuru Mola aliyeumba watu wa aina ile na akamweka mmoja karibu yangu. Na wewe dada unayesoma haya, uliyemlaza mwanao ukatoka, nakujua. Usijifiche. Mlaze mahali salama, ita mtu akae naye, kisha nenda katafute mtu wa kukusikiliza. Mtegemee Mola, na uende. Na ukienda, nenda na hasira zako zote. Usiziache nyumbani.