Aje na Aliyegombana Naye

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, katibu wa kamati yetu ya kufungua makanisa mapya anastaafu. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini ofisini sote tunamwita Mama Kizingiti, naye huitika. Wapo waliokuwa wakiisubiri Ijumaa hii kwa hamu. Hao tunawaambia mapema wasifurahi haraka.

Alianza kama mpiga chapa. Mwaka wake wa tatu kazini, kamati ilimtuma mhubiri mmoja, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, akafungue kanisa katika mtaa uliokuwa ndiyo kwanza unajengwa. Watu walijaa hadi madirishani. Lakini kila aliyempinga, hata kwa jambo dogo la kupanga mabenchi, aliambiwa akasali kwingine. Mwaka haukuisha, mhubiri akabaki na mkewe, shemeji yake na kinanda. Mama Kizingiti ndiye aliyetumwa kurudisha mabenchi ofisini. Alirudi nayo, pamoja na hasira, na tunamshukuru Mungu kwamba haijampoa mpaka leo.

Tangu hapo, anayetaka kutumwa kuanzisha kanisa haji kwenye usaili na vyeti peke yake. Huja na mtu aliyewahi kugombana naye, na mtu huyo ndiye huulizwa kwanza. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana, husema Mama; yeye anataka kujua nani huinama kuokota vipande.

Vituko havikukosekana. Bwana mmoja alidai hajawahi kukosana na yeyote tangu azaliwe. Alipewa chai, akashukuriwa, akarudi kwao. Marafiki wawili walitunga ugomvi wa uongo, wakaumbuka pale mmoja aliposema waligombania baiskeli na mwenzake akataja shamba. Mwingine alikuja na mama mkwe wake, wakaanza upya papo hapo kwenye korido hadi mhasibu akafunga mlango.

Kisha akaja fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kigugumizi. Wajumbe walitazamana. Jirani aliyekuja naye akaeleza kwamba walizozana juu ya ukuta, kosa lilikuwa lake yeye jirani, lakini fundi ndiye aliyekuja kubisha hodi kwanza. Mama alibishana na wanaume sita mpaka wakachoka. Leo kanisa la fundi limezaa mengine mawili. Mahubiri yake bado ni mafupi, na sijasikia muumini akilalamika.

Sasa niseme la moyoni. Jumanne ijayo tunachagua wa kurudisha kanisa katika mtaa ule ule ambako kanisa la yule mhubiri lilikufa. Anayepigiwa debe ni mwimbaji hodari, kipenzi cha mwenyekiti. Tumeagizwa safari hii tuuache utaratibu wa Mama, eti unamvunjia heshima mtu mkubwa. Mama alikataa. Mimi, msaidizi wake nitakayekaimu nafasi yake, nakataa pia, tena ndani ya jarida hili ambalo mwenyekiti hulisoma. Kanisa changa halifi kwa kukosa sauti nzuri. Linauawa na kiongozi asiyeweza kutamka nisamehe, na watu wa mtaa ule wameshaungua mara moja.

Nimempigia simu mwimbaji mwenyewe, nikamweleza kwamba naye lazima aje na mtu aliyegombana naye. Aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia akiwa jukwaani, kama mtu huyo anaweza kuwa mke wake. Nilimjibu kwamba anaweza, mradi mke ndiye aanze kuongea.

Mama, asante kwa kutufundisha ubishi wenye adabu. Nenda ukalale mchana, ukadekeze wajukuu, ukagombane na mumeo kwa nafasi. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Jumanne sisi tutakuwa mezani, na hakuna atakayepiga kura kabla mke wa mwimbaji hajamaliza kusema.