Kisanduku Namba Saba

Kuhusu: Marekebisho ya Neno Moja katika Kisanduku Namba Saba cha Fomu ya Taarifa ya Tukio. Hicho ndicho kichwa cha barua iliyomkuta Fundi kwenye benchi la mbele ya kibanda chake cha viatu, siku ya tisa tangu amzike mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa mzibuaji wa mashimo ya maji taka. Alishuka shimoni, hewa mbaya ikammaliza. Penye cheo cha marehemu, Fundi alijaza “mzibuaji”, na ofisi imeirudisha fomu. Inataka neno moja, la Kiingereza, litakaloonyesha kama marehemu aliwaongoza wenzake, na lifike dirishani kabla ya saa kumi leo. Fundi alitaka neno lisilomtwisha marehemu kosa. Wenzake wa kijiweni walisogeza vikombe ili fomu ikae.

— Andika Leader, alisema Kamusi, aliyepiga taipu mahakamani mpaka vidole vikapinda. Leader ni mtu anayefuatwa.

— Kwani walimfuata? aliuliza Jenerali, mlinzi wa geti la ghala, ambaye cheo chake alipewa na benchi.

— Hawakumfuata, Fundi alisema. Aliwaambia wabaki juu.

— Basi si Leader, Kamusi alikubali. Watasema alikwenda kivyake.

Fundi alionja kahawa. Ilikuwa imepoa na hakuwa na hamu nayo hata ilipokuwa ya moto.

— Supervisor je? aliuliza.

— Hilo likimbie, kaka, alisema Kamusi. Super ni juu, visor ni kutazama. Supervisor hutazama akiwa juu. Mdogo wako alikutwa chini. Wataandika alitoroka kituo chake cha kazi.

— Mwandike Head, alisema Jenerali. Fupi, linaenea.

— Head ni kichwa, Jenerali. Wakisikia kichwa watauliza kilikuwa kinawaza nini.

— Boss?

— Umewahi kumwona Boss na buti za mpira?

Fundi hakuwahi. Buti za mdogo wake zilikuwa chini ya benchi, na kiraka kwenye kisigino cha kushoto alikibandika yeye mwenyewe.

— Manager ana kiti kinachozunguka, Kamusi aliendelea, hakuna aliyemuuliza. Chief ana mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Wale Waingereza walikuwa na wakubwa wengi kuliko kazi, ndiyo maana maneno yamewajaa.

— Captain, alisema Jenerali. Sikilizeni. Captain huzama na meli yake, na halaumiwi. Anapigiwa mizinga.

— Shimo si meli.

— Lina maji, bwana.

Hakuna aliyecheka. Jenerali mwenyewe aliinamia kikombe kama aliyepoteza kitu mle ndani.

Mfagizi wa barabara alikuwa amefika kuchukua kiatu chake, mwanamke mtu mzima, ufagio begani. Alisimama akiwasikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Huyo aliyewatuma washuke, humo ameandikwa nani?

Kamusi aliivuta fomu. Alipita kisanduku kimoja baada ya kingine hadi cha kumi na mbili, akaigeuza, akachungulia hata chini ya muhuri.

— Hana kisanduku, alisema.

— Sijauliza kisanduku. Nimeuliza ni nani.

Kamusi alivua miwani, akaifuta kwa shati, asiivae tena. Jenerali alitazama geti lake ng'ambo ya barabara. Muuza kahawa wa kijiweni aliinua birika, akalikuta jepesi mkononi mwake; akalirudisha chini polepole.

Fundi alimkabidhi mama yule kiatu. Kisha akachukua kalamu anayochorea soli. Kisanduku namba saba alikiacha kitupu. Aliigeuza fomu, na nyuma yake, kwa Kiswahili, akaandika: Walitumwa watatu. Mdogo wangu aliwaambia wawili wangoje juu, akashuka yeye.