Dirisha la Bi Fien Siku ya Mashauriano

Benchi la Zulma liko mbele ya mkahawa wake, pale Mtaa wa Wafumaji unapokata kona, na Jumamosi ile lilikuwa limebeba watu wenye hasira toka asubuhi. Brussels nzima upande ule ilizungushiwa vizuizi vya chuma. Wakubwa wa Marekani na wakubwa wa Ulaya walikuwa wamejifungia kwenye jumba la vioo nyuma ya kanisa kuu, wanashauriana, na ili wao washauriane vizuri basi, tramu isipite, mkate usifike, na mtu asiegeshe gari mlangoni kwake. Helikopta ilikuwa inazunguka juu kama nzi aliyeona nyama. Jana yake askari alipita mlango kwa mlango akasema madirisha yote yanayotazama barabara yafungwe mpaka wageni waondoke. Wenye ndugu mji wa Ghent wakafunga wakaenda Ghent. Bi Fien hakwenda popote, maana yeye alikuwa na njiwa angani.

Njiwa mwenyewe anaitwa Mamzeli. Alikuwa ameondoka kwa lori pamoja na njiwa wa wenzake Bi Fien wa chama cha njiwa, wakapelekwa mbali huko Bourges, Ufaransa, wakaachiwa alfajiri, kila mmoja arudi kwao kwa mbawa zake. Ni mashindano ya mbio, na humo hashindi anayefika juu ya paa. Anashinda anayeingia ndani, akashikwa, akavuliwa pete ya mpira mguuni, pete ikatumbukizwa kwenye saa maalumu inayoandika muda aliofika. Mlango wa Mamzeli ni dirisha la darini kwa Bi Fien, lile linalotazamana na benchi. Lilikuwa limefungwa, kioo chake kinang'aa kama macho ya mtu anayekucheka.

Ndiyo maana Bi Fien alikuwa amekaa benchini shingo imeangalia juu na kahawa yake imepoa.

— Kunywa, shoga, alisema Zulma, mwenye mkahawa. Hata ukimtazama vipi hatakuja kwa macho yako.

— Siwezi kumeza.

— Meza biskuti basi.

— Zulma, niache.

Pembeni yake alikaa Nestor, ambaye mtaa mzima unamwita Balozi. Alifungua mlango wa ubalozi fulani miaka mingi, akiinamia wanaoingia na wanaotoka, na tangu astaafu hakuna siri ya dunia asiyoijua. Upande wa pili alikaa Rik, anaitwa Sumu. Huyo kila akila kitu anakinusa kwanza.

— Mimi nawaambia wanachoshauriana, alisema Sumu. Ni kuku. Kule Marekani kuku wao wanaoshwa kwa dawa, dawa hiihii ya kusafishia mabwawa ya kuogelea. Wanataka sisi tuwale.

— Kuku, alisema Balozi. Mtu afunge mji mzima kwa ajili ya kuku.

— Wewe humjui kuku yule. Ukimla usiku, asubuhi unaamka umepauka.

— Acha zako, Rik. Sikiliza mtu aliyekuwepo. Mashauriano hayana cha kushauriana. Taarifa ya pamoja imeshaandikwa wiki mbili zilizopita na vijana wawili ofisini. Hawa wakubwa wanakuja kula, kupigwa picha, na kuulizana habari za watoto. Halafu wanatoka nje wanasema mazungumzo yalikuwa ya kina.

— Wanakula nini? aliuliza Zulma, kwa sababu hilo lilimgusa.

— Si chakula chako.

— Nestor, hiyo kahawa unayokunywa ni ya nani?

Balozi akainamia kikombe.

Zulma hakuwa mtu wa kuachwa nyuma kwa habari. Akaweka birika chini, akasogeza kiti, akapunguza sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia ila wao.

— Yule mwanamke anayefua mashuka hotelini, yule mwenye mume aliyehamia kwa dada yake, si mnamjua? Kaniambia Wamarekani wamekuja na magodoro yao. Kwa ndege. Magodoro.

— Kwa nini? alisema Sumu.

— Ndiyo mjiulize. Mtu aliyekuja na godoro lake hajaja kushauriana. Kaja kuhamia.

Jambo hilo lilikaa vibaya pale benchini.

— Basi ndiyo hivyo, alisema Sumu, uso umemwiva. Wanagawana mbingu. Nyinyi hamjaona? Madirisha yafungwe, paa lisipandwe, helikopta juu mchana kutwa. Wanapima. Huku juu kabisa kutakuwa kwa Marekani, hapa katikati kwa Ulaya, na sisi tutaachiwa hewa ya kutosha kukohoa. Kesho ukitaka kuanika nguo unaomba ruhusa.

— Na njiwa? alisema Bi Fien.

Hakugeuza shingo. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia kwenye mazungumzo yao, wakamtazama wote.

— Njiwa ndio wa kwanza, dada Fien. Hao wanaogopa njiwa kuliko bomu. Njiwa hana waya, hana simu, humsikilizi. Wanajua.

— Wanaogopa njiwa.

— Vibaya sana.

— Watu wazima, alisema Bi Fien. Wamevuka bahari, wamekuja na walinzi na mbwa na magodoro. Wanaogopa Mamzeli.

Akaweka kikombe kwenye benchi, kahawa ikamwagika kwenye sahani.

Hasira yake wote waliijua imetoka wapi. Mumewe Alfons alipofariki, wanaume wa chama cha njiwa walikuja na maua, na kabla maua hayajanyauka wakamwambia auze banda, njiwa ni kazi ya mwanamume. Hakuuza. Majira haya ya majani kuchipua, kipanga anayekaa mnara wa kanisa kuu alimlia njiwa wawili, mbele ya macho yake, walipochelewa juu ya paa. Aliyebaki wa maana ni Mamzeli, ambaye Bi Fien alimlea mwenyewe toka yai, hata Alfons hakumwona. Wanaume wa chama siku hii walikuwa kwenye mabustani yao nje ya mji, ambako hakuna mkubwa anayeshauriana, miguu juu ya kiti, madirisha wazi.

— Mashauriano haya yangekuwa ya Jumanne nisingesema neno, alisema. Lakini Jumamosi. Nani anayeshauriana Jumamosi?

— Hapa kwetu, alisema Balozi, wanasiasa walishauriana mwaka mzima na nusu kabla serikali haijapatikana. Jumamosi zote zimo.

— Walifunga dirisha langu?

— Hapana.

— Basi usiniletee.

Wakati huo mtu akavuka kutoka kwenye vizuizi. Mwanamume mnene, suti nyeusi, tai imelegea, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akauliza kama anaweza kupata kahawa. Balozi akasimama, akainama nusu, kama zamani pale ubalozini.

— Wewe ni wa ujumbe, alisema.

— Mimi dereva, mzee. Natoka Namur. Nimekodiwa kuwaendesha Wamarekani.

— Wa Namur, alisema Sumu. Ndiyo maana wamechelewa kumaliza.

Dereva hakukasirika. Watu wa Namur wanaambiwa hivyo tangu kuzaliwa, kwamba konokono ni binamu yao. Zulma akammiminia, wakambana wote kwa pamoja: wanashauriana nini humo?

— Sijui. Nimeambiwa nisizime injini, wanaweza kutoka wakati wowote.

— Tangu lini?

— Tangu asubuhi inanguruma. Nilisikia kidogo walipokuwa wanashuka. Nadhani la leo ni hewa chafu.

Watu wakamwangalia. Nyuma yake, kwenye kona, gari refu jeusi lilikuwa linatoa moshi taratibu, na moshi ulikuwa unapanda kwenye waridi la Zulma.

— Mungu awasamehe, alisema Zulma, maana mimi naona siwezi.

Hapo Bi Fien akasimama.

Alikuwa amemwona kabla yao. Kidoti upande wa kusini, chini ya helikopta, kinakuja kimenyooka kama jiwe lililorushwa na mtu mwenye shabaha. Kikakunja mbawa, kikashuka, kikawa njiwa. Mamzeli akatua kwenye mlizamu wa paa, ule mfereji wa maji ya mvua, kifua kinampanda na kushuka. Akatembea hadi kwenye dirisha. Akagonga kioo kwa mdomo. Akarudi nyuma, akatazama, akagonga tena.

— Amefika, alisema Sumu. Amefika, dada, hakuna njiwa mwingine mjini. Umewashinda.

— Hajaingia, alisema Bi Fien.

Helikopta ikapita chini. Mamzeli akaruka, akazunguka bomba la moshi la jirani, akarudi mlizamuni, safari hii mbali zaidi na dirisha. Juu ya mnara wa kanisa kuu kitu cha kahawia kikajisogeza.

Basi ndipo benchi lilipolipuka. Sumu aliwalaani Wamarekani toka yule wa kwanza aliyeteremka melini. Balozi alisema atamwandikia mtu, na mtu huyo atajuta. Zulma alisema wote ni mbwa, wa huku na wa kule, kisha akasema mbwa hana kosa. Wakapandishiana sauti wenyewe kwa wenyewe: nani alianza, wa Ulaya au wa Marekani, nani hasa aliyeamuru madirisha yafungwe, na Sumu akasema Balozi aliwainamia hao miaka yote ndiyo maana wamezoea, Balozi akamwambia rudia hilo. Askari pale kizuizini akageuka kuwatazama. Bi Fien alikuwa katikati yao, mikono imekunjwa ngumi, anasema neno moja tu, dirisha langu, dirisha langu.

Dereva alishusha kikombe.

— Samahani, mama. Dirisha ni lile pale?

— Ndilo.

— Na askari ndiye aliyepanda kulifunga?

— Askari alipita tu mlangoni akasema.

— Sasa nani amelifunga?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Sumu akatazama viatu vyake. Zulma akachukua birika, akakuta hana wa kummiminia.

Bi Fien alimwangalia dereva kwa hasira kubwa kuliko aliyomwangalia nayo mtu yeyote siku hiyo, na siku hiyo ilikuwa na ushindani. Jana usiku alipanda mwenyewe ngazi zote, goti linamlilia, akasukuma komeo kwa kidole chake. Na aliporudi chini alijisikia raia mwema.

Akavuka barabara.

Ngazi ni za ghorofa nne, zimesimama wima kama ngazi ya banda la kuku, na goti halikumhurumia. Chumba cha darini kilinuka mavi ya njiwa na mahindi makavu. Akalivuta komeo. Akalisukuma dirisha lote, mpaka likagonga ukuta, na kelele za helikopta zikaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Mamzeli alikuwa bado mlizamuni, kichwa kimepinda, anaangalia juu kuelekea mnarani.

Bi Fien akachota mahindi, akayatikisa kwenye kopo.

— Njoo, mama. Njoo nyumbani. Njoo.

— Bibi, alipiga kelele askari kutoka chini. Dirisha, tafadhali.

Akatikisa kopo. Mamzeli akapiga hatua moja.

— Bibi, nimesema dirisha lifungwe. Wageni wanakaribia kutoka.

Bi Fien akatoa kichwa nje, nywele zake nyeupe zinapeperuka kwa upepo wa lile lidude la angani, na sauti yake ikashuka mtaani kote, hadi kwa dereva na gari lake la moshi, na labda hadi kwenye jumba la vioo.

— Panda ulifunge wewe. Mlango wa chini uko wazi.

Askari akatazama ngazi zinazoonekana mlangoni. Akatazama kizuizi chake, ambacho aliambiwa asikiache hata kwa dakika moja. Akatazama wenzake, na wenzake wakaangalia kwingine.

Bi Fien hakumngoja. Alikuwa amesharudi ndani, amepiga magoti kwenye mavi, mkono ameunyoosha na mahindi yamejaa kiganjani, na kucha ndogo zilikuwa zinakwaruza kizingiti cha dirisha zikija kwake.