Jina la Mbeyu Kalume: Risala ya Wakaangaji wa Barabara ya Bofa

Mgeni rasmi, Inspekta Jedida Cherop wa kitengo cha upelelezi wa ulaghai. Mzee Garama, mwenyekiti wa soko. Viongozi wa dini. Wateja wetu wa kila jioni. Na nyinyi mliovutwa na harufu tu: salaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Mimi ni Kavata, katibu wa kikundi. Wenzangu wamenipa risala hii niisome kwa sababu, wanasema, hata nisingepewa ningeisema.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana, na leo keti. Mara ya kwanza ulipofika hapa hakuna aliyekupa kiti, maana ulishuka kwenye gari la polisi na sote tulijua umemfuata nani. Leo umekuja kwa heri, na kiti tumekiwekea mto.

Huyo aliye kulia kwako, mwenye leso mpya ya manjano, ni Hawe Kadzo. Hawe kwa Kigiriama ni bibi. Ametoka Marafa alfajiri kuja kukuona. Tunaomba umtazame vizuri, kwa kuwa sisi tulishakwenda kumzika.

HISTORIA FUPI YA KIKUNDI

Sisi ni wakaangaji wa jioni: viazi karai, bajia, kachri, mahamri, na ukwaju wa kuchovya. Wengine tumezaliwa hapa, wengine tumeletwa na kazi na ndoa kutoka bara, na mafuta ya moto yametufanya ndugu. Meza zetu zimeshikana bega. Mmoja akienda kuswali, au kwaya, au kumtazama mgonjwa, jirani humshikia meza, jiko na simu. Na kwa sababu humshikia simu, humshikia na namba ya siri.

Mgeni rasmi, namba hizo hatukuwa tukinong'onezana. Mikono imejaa unga wa dengu, mteja anasubiri, basi mtu alikuwa akipaza sauti kutoka meza ya tano: "Mbeyu, ya kwako ni ipi vile?" Naye Mbeyu anajibu huku anageuza viazi: "Si ule mwaka wa mafuriko." Soko zima linajua mwaka wa mafuriko.

Jambo la pili ni karatasi. Kiazi cha moto hakibebwi mkononi, na karatasi za kufungia tulikuwa tukizinunua kwa kilo kutoka duka la fotokopi lililo nyuma ya kinyozi. Mteja alikula huku anasoma: mtihani wa darasa la saba, ratiba ya kanisa, hati ya shamba la mtu. Tulipoandikisha kikundi, tulikwenda duka lile lile kutoa nakala za vitambulisho. Mashine siku hiyo ilikuwa na wino wa mashaka. Zilizotoka nzuri tulizichukua. Zilizotoka hafifu tuliziacha pale juu ya lundo, na hakuna aliyejiuliza lundo lile huenda wapi.

Lilikuja kwetu. Mbeyu Kalume alimfungia mteja viazi kwa kitambulisho chake mwenyewe.

YALIYOTUPATA

Mteja huyo alijiita Eugene. Mikono mirefu, viatu safi, shikamoo kwa kila mwenye mvi. Nyaboke, mweka hazina wetu, alikuwa akimwongezea bajia moja ya bure kwa sababu ya adabu yake. Alikula hapa kila jioni na hakusema mengi. Tuliosema ni sisi. Kwa hiyo alimjua Mbeyu kwa karatasi, akaijua namba yake ya siri kwa masikio, na akajua pia kwamba binti yake Mbeyu amejifungua Malindi na Mbeyu anakwenda kumlea mzazi. Habari hiyo Mbeyu aliitangaza mwenyewe, kwa furaha, na tukampigia vigelegele.

Akiwa huko Malindi simu yake ikakatika. Akadhani ni mtandao. Kumbe laini yake imeshahamishiwa simu nyingine, na mwenye simu hiyo ameingia katika kundi letu la ujumbe kwa jina lake na picha yake. Akatuandikia: "Jamani, mama ametutoka. Niko njiani Marafa, chaji inaisha, msinipigie. Nishikeni mkono kwa namba yangu hii hii."

Tukatuma. Na kila aliyetuma, jina lililotokea lilikuwa Mbeyu Kalume, basi nani angeshuku? Kesho yake tukakodi lori la mchanga, tukapakia unga, sukari, masufuria na wapishi, tukaenda kwenye hanga, yaani matanga. Tulianza kulia tangu njia panda, ili wafiwa wasikie tumefika.

Tukamkuta Hawe Kadzo uani anabangua korosho.

Akatutazama tunavyoshuka, akauliza, "Mmemleta nani?" Akauliza tena, "Basi mnamlilia nani?" Caroline, mdogo wetu kikundini, kwa kuwa hajui kuficha, akamwambia, "Tunakulilia wewe, Hawe." Bibi akalitazama lile lori. Akasema, "Mmekuja na unga? Basi pikeni. Kwenye hanga langu mwenyewe sitalala na njaa."

Tulipika na tukala. Lakini njiani kurudi hakuna aliyeimba. Mgeni rasmi, wewe umekaa na watu wa huku na unajua: kuna maneno ambayo mtoto hayatamki juu ya mzazi aliye hai. Kumwua mamako kwa mdomo ili upate mchango ni jambo lisilo na jina.

Mbeyu akarudi kutoka Malindi na picha za mjukuu. Alipita meza hadi meza, na kila meza ilikuwa na shughuli. Mmoja wetu, hatutamtaja, ameketi hapa, alimwuliza, "Na leo unamzika nani?" Akaapa kwamba hakuandika kitu. Tukamwonyesha jina lake kwenye simu zetu.

Wewe ulipomchukua, tulijua yameisha. Lakini sisi tulikuwa tumemwuliza pesa zetu amezila na nani. Wewe ulimwuliza laini yake ilikatika siku gani. Ukaandika jibu, ukamwambia, "Nenda nyumbani, mama, ulale."

Kisha yule Eugene akashikwa Takaungu, akimfanyia mwingine kama alivyomfanyia Mbeyu. Kesi iko mahakamani na sisi hatutaisemea, ila yale tuliyoyaona. Ulituita ofisini kwako ukatandaza karatasi mezani: nakala hafifu za vitambulisho vyetu, zimeiva kwa mafuta. Ukatuuliza kama tunazitambua. Nyaboke aliinusa moja akasema, "Huu ukwaju ni wa Mbeyu. Mimi wangu natia pilipili zaidi." Mbeyu akaanza kulia, nasi tukalia, safari hii kwa sababu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tangu siku hiyo tunalala. Mwenye meza bado humshikia mwenzake meza na jiko, lakini simu mtu huenda nayo hata msikitini, ameizima. Namba za siri tumebadilisha, kila mtu peke yake, na hakuna aliyetumia mwaka wa kuzaliwa wala wa mafuriko. Kila mmoja amekaguliwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na Jedida wetu, muuza mahamri, jina mnachangia, alikutwa na laini ambayo hakuijua. Imefungwa.

Nakala ikitoka mbaya, tunaondoka nayo na inaingia jikoni. Inawasha mkaa vizuri kuliko magazeti. Viazi tunafungia karatasi mpya isiyo na maandishi. Odera wa bodaboda alilalamika, "Sasa tutakuwa tukisoma nini?" Nyaboke akamwambia, "Soma kiazi."

Simu ikikatika ghafla, hatungoji mtandao. Tunaazima simu ya jirani na kuuliza kampuni saa hiyo hiyo. Na ujumbe wa msiba au ugonjwa ukija, hatutumi kitu mpaka tusikie sauti na tuijue. Juzi Caroline alipigiwa na mtu aliyejiita kaka yake, yuko hospitali, anahitaji msaada upesi. Caroline akamwuliza, "Pole kaka. Mama alikuwa akikuitaje ulipokuwa ukikojoa kitandani?" Simu ikakatwa.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo imeketi pale mwisho, meza ya pembeni, kanga ya bluu.

Waliosikia ubaya wa Mbeyu ni barabara nzima. Waliosikia ukweli ni sisi tulioingia ofisini kwako. Sisi tumemwomba radhi, na yeye amesamehe, na tumemchangia upya kwa ajili ya mjukuu, safari hii mkononi. Lakini wateja hatuwezi kuwaingia moyoni. Wapo wanaovuka barabara wasipite mbele yake. Wapo wazazi wanaowaambia watoto, "Si kwa yule Mzika-wazima." Kila jioni anakaanga kidogo kuliko jana, na anachobaki nacho anakigawa kwa paka. Tunamnunulia sisi, lakini mkaangaji kununua kwa mkaangaji si biashara, ni pole.

MAOMBI

Tunaomba mafunzo haya uliyotupa siku ile ofisini yafike Marafa na vijiji vya ndani, kwa Kigiriama, kwa wazee ambao simu zao hushikwa na wajukuu.

Tunaomba wenye maduka ya fotokopi waelezwe kwamba nakala iliyoharibika bado ni mtu.

Ombi la tatu tulilijadili sana. Wengine walitaka tukuombe barua yenye muhuri, tuibandike kwenye nguzo. Leo Hawe Kadzo akakataa. Alisema, "Mimi mwenyewe nimekaa hapa nikisema niko hai na bado hawasikii. Barua itawaambia nini? Mwacheni askari ale."

Basi, mgeni rasmi, chakula chako hatukukipika huku mbele. Karai la Mbeyu liko motoni. Tunakuomba utembee mpaka meza ile ya mwisho, na Hawe akushike mkono, mketi mbele ya watu wote, mle viazi vya Mbeyu Kalume. Sahani ipo. Sisi tutanyamaza, jambo ambalo si kawaida yetu, ili barabara nzima isikie mkitafuna.

Mungu akulinde, alilinde na jina lako, lisitumiwe na mtu usiyemjua. Awape wazee wetu umri, na misiba yetu iwe ya kweli na michache.

Ni sisi, Wakaangaji wa Barabara ya Bofa, Kilifi, na Mbeyu Kalume ni mwenzetu.